Jumamosi Sita za Namba Kumi na Moja

Jumanne ile Uzi alitoka shuleni saa tisa kasorobo, kama siku zote. Alipitia bombani, akajaza dumu lake la lita tano, akakata kona kwenye duka la vioo, akaingia uani kwao. Mlangoni alimkuta jirani yao amechutama mbele ya beseni, anaosha vyombo. Vilikuwa vyombo vya kwao Uzi: sufuria yao, vikombe vyao, hata kile kijiko chenye mpini uliopinda. Jirani yule alikuwa mtu mwema, lakini hakuwa amewahi kuosha vyombo vya nyumba nyingine. Uzi akasimama, dumu mkononi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu, lakini alikuwa ameshajua.

"Weka chini maji, mwanangu," jirani akasema bila kuinua uso. "Baba yako yuko ndani."

Mama yake alikuwa ameugua muda mrefu. Kabla ya hapo alikuwa mshonaji katika kiwanda cha sare za shule, safu ya tatu, mashine ya pili kutoka dirishani. Alikuwa mrefu kiasi kwamba makasha ya uzi yaliyokaa rafu ya juu kabisa aliyashusha kwa mikono yake bila ngazi, na kwa sababu hiyo wenzake wakamwita Winchi. Kiwanda kilikuwa na timu ya wanawake ya mpira wa kikapu. Kila Jumamosi saa kumi walicheza kwenye uwanja wa saruji nyuma ya jengo, na Winchi alivaa jezi namba kumi na moja. Jina la Uzi lilitoka hukohuko. Alikuwa mwembamba, na kila mama yake alipopita, naye alikuwa nyuma yake.

Baada ya maziko nyumba ilibaki na watu wawili. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache tangu zamani, na sasa hata hayo machache yalipungua. Jioni alipika yeye.

"Chumvi iko sawa?" aliuliza.

"Iko sawa, baba."

Haikuwa sawa. Siku nyingine ilizidi, siku nyingine haikuwapo kabisa. Lakini wote wawili walikula mpaka wakamaliza, kisha Uzi akatoa vitabu vyake, na baba akakaa kwenye kibao nje akitazama viatu vyake vilivyotobolewa na cheche za moto.

Shuleni, wiki ya kwanza wenzake walimzunguka. Walimpa nafasi mbele kwenye foleni ya maji, walimwazima kalamu za rangi. Wiki ya tatu mambo yalirudi kama yalivyokuwa, nao wakaanza tena kupigania mpira na kuchekana. Uzi hakuwalaumu. Ila alipokuwa akirudi nyumbani peke yake alijikuta akitembea upande mmoja wa njia, kama vile ule mwingine bado una mtu.

Miezi minne ikapita. Ndipo msimamizi wa kiwanda akatangaza kwamba timu imetimiza misimu mitano, na kwamba jezi moja, ya mchezaji bora kuliko wote, itatundikwa kwenye ukumbi wa chakula. Ikishatundikwa, haitavaliwa tena na mtu yeyote. Habari ilifika shuleni siku hiyohiyo, maana nusu ya wanafunzi walikuwa na mama, shangazi au dada kiwandani.

"Haina mjadala," Uzi alisema wakati wa mapumziko. "Ni mama yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kusikika akisema jambo bila kuulizwa, kwa hiyo watoto wakatulia. Aliyejibu alikuwa mvulana mmoja aliyehamia shuleni pale mwanzoni mwa mwaka ili akae na shangazi yake. Walimwita Kikokotoo, kwa sababu aliwahi kuhesabu hatua za mwalimu mkuu kutoka ofisini hadi kwenye bendera na kumwambia zimepungua.

"Ni bora kwa nini?" Kikokotoo akauliza.

"Kwa nini nini? Kila mtu anajua."

"Huyo kila mtu ni nani? Mlete hapa tumhesabu."

Watoto wakacheka.

"Wewe hujawahi hata kukanyaga uwanja ule," Uzi akasema. "Umekuja juzi na begi lako na rula yako."

"Ndiyo maana sina upendeleo. Shangazi yangu naye anacheza, lakini sijasema ni bora. Nasubiri nione hesabu."

Shangazi yake alikuwa mshona vifungo, na kiwanda kizima kilimwita Vifungo. Alivaa namba nane. Alikuwa mfupi, mwepesi, na hakupenda maneno mengi. Yeye na Winchi walikaa mashine jirani miaka minane.

"Mama yangu alikuwa hakosi," Uzi akaendelea, na sauti yake ikaanza kupanda. "Akisimama kwenye mstari wa adhabu, watu walianza kupiga makofi kabla mpira haujatoka mkononi."

"Makofi siyo pointi."

"Na wewe siyo mtu. Siku betri zako zikiisha tutapumzika."

Mwalimu wa hesabu alikuwa amesimama dirishani na chai yake, akisikiliza. Mchana aliwaita wote wawili.

"Msimamizi wa kiwanda ameniomba nihesabu karatasi za mechi, ili ajue nani ana pointi nyingi kuliko wote," alisema. "Zipo sitini. Mimi nina madaftari ya darasa zima ya kusahihisha. Nyinyi mna muda wa kubishana, kwa hiyo mna muda wa kuhesabu. Mmoja atasoma, mwingine ataandika. Mkimaliza karatasi moja, mnabadilishana. Mimi nitapitia mwishoni."

Karatasi zililetwa na mtunza stoo wa kiwanda, mzee mwenye miwani minene, zikiwa ndani ya kasha la uzi. Misimu yote mitano yeye ndiye aliyekaa kwenye meza ya pointi.

"Mbona hakuna majina?" Kikokotoo akamwuliza.

"Majina ya nini, babu?" mzee akasema. "Stoo naandika rola la kitambaa namba tano, rola namba sita. Siandiki rola hili linaitwa nani. Uwanjani hivyohivyo. Namba ikipita mbele yangu, naiandika. Nyuso siku hizi zinanikimbia, lakini namba imeshonwa kwa uzi mwekundu mgongoni, kubwa kama sahani."

Walihesabu alasiri nne mfululizo, darasani, baada ya wenzao kuondoka. Duara lilikuwa pointi iliyoingia, alama ya kuzidisha ilikuwa mtupo uliokosa. Siku ya kwanza Uzi alisoma kwa sauti kubwa kila alipofika namba kumi na moja. Siku ya pili sauti ilishuka.

"Mitupo ya adhabu, namba kumi na moja," Kikokotoo akasema, akijumlisha. "Mpaka sasa ametupa tisini na miwili. Imeingia arobaini na mmoja."

"Hesabu tena."

Akahesabu tena. Ikawa ileile.

"Zaidi ya nusu alikosa," Kikokotoo akasema, na mara hii hakusema kwa kejeli.

Uzi alitazama nje. Alijaribu kumkumbuka mama yake akikosa hata mara moja, na hakuweza. Aliona mkono mrefu ukienda juu, akasikia wavu ukilia, akasikia makofi. Mara hamsini na moja mpira ulikuwa umegonga chuma na kurudi, na yeye alikuwa amekaa palepale pembeni mwa uwanja, macho wazi. Mara zote hizo zilikuwa zimekwenda wapi?

"Endelea," alisema. "Soma."

Ijumaa walimaliza. Kikokotoo alijumlisha mara mbili, akapiga mstari chini kwa rula.

"Namba nane, mia tatu sabini na moja. Namba kumi na moja, mia nne na kumi na mbili." Alimnyooshea mkono. "Umeshinda. Ulisema kweli, japo hukujua kwa nini ni kweli. Hongera."

Uzi akaupokea mkono. Kifua chake kilijaa hewa ambayo hakikuwa nayo tangu Jumanne ile. Mama yake ukutani, juu ya meza za chakula, mahali ambapo kila mtu atainua macho. Mwaka baada ya mwaka.

"Ila kuna kitu," Kikokotoo akasema, akikuna kichwa kwa penseli. "Shangazi hana kitu mechi sita za mwisho za msimu uliopita. Sifuri zote. Mama yako ndiyo kwanza alikuwa anawaka, pointi sitini na nne ndani ya mechi sita. Zilikuwa mechi zake bora kuliko zote. Nilimwuliza shangazi kama aliumia. Akasema, andika ulichokikuta kwenye karatasi, akaendelea kumenya viazi."

Uzi akazivuta karatasi zile sita. Juu ya kila moja mzee wa stoo alikuwa ameandika tarehe. Alisoma ya kwanza, akasoma ya pili. Hakusoma zaidi.

"Nini?" Kikokotoo akauliza.

"Hakuna. Nimechoka macho."

Nyumbani, baba alikuwa bado kazini. Uzi alifungua droo ya meza ya kitandani na kutoa kadi ya hospitali ya mama yake, iliyokuwa ndani ya mfuko wa plastiki. Tarehe ya kuruhusiwa kurudi nyumbani ilikuwa Alhamisi. Mechi ya kwanza kati ya zile sita ilichezwa keshokutwa yake, Jumamosi.

Alizikumbuka vizuri Jumamosi zile sita. Jirani alikuwa akienda sokoni, baba akienda kazini, na nyumba ikabaki ya watu wawili, yeye na mama. Mama hakuweza tena kukaa kwenye kiti kwa muda mrefu, lakini aliweza kukaa kitandani akiegemea ukuta. Uzi alikaa sakafuni kati ya magoti yake, naye akamsuka nywele kwa vidole vya mshonaji, mistari iliyonyooka kama mshono wa kola. Alisuka polepole, akipumzika. Saa kumi upepo uliwaletea kelele za uwanjani. Mama alikuwa akisimamisha vidole na kusikiliza. "Wamefunga," alikuwa akisema. "Hiyo ni yetu." Halafu akaendelea kusuka.

Jumamosi zile zilikuwa za mwisho.

Baba aliporudi alimkuta amekaa na kadi mapajani. Hakumkemea. Alivua viatu, akakaa.

"Baba, mechi za mwisho za msimu uliopita, jezi ya mama ilivaliwa na nani?"

Baba aliitazama kadi. "Vifungo alikuja kumwona siku ile alipotoka hospitali. Mama yako akaniambia nitoe jezi pale kwenye msumari. Akamwambia mwenzake, vaa hii, isikae hapa kama mimi. Vifungo akaivaa mpaka msimu ukaisha, ndipo akairudisha, imefuliwa na kupigwa pasi." Akamtazama binti yake. "Kwani kuna nini?"

Uzi akamweleza. Hesabu, ushindi, Jumatatu ambapo matokeo yangesomwa ukumbini. Aliondoa sitini na nne kwenye mia nne na kumi na mbili, akazipeleka upande wa pili, mbele ya baba yake, kwenye kipande cha gazeti. Mama, mia tatu arobaini na nane. Vifungo, mia nne thelathini na tano.

"Hakuna anayejua," Uzi akasema. "Mzee wa stoo hakuona uso. Kikokotoo hakuwapo. Wachezaji wenzao hawajaziona karatasi. Nikinyamaza, jezi ya mama inatundikwa."

"Ni kweli."

"Wewe unataka nini, baba?"

Baba alisugua mikono yake mikubwa. "Mimi nataka kumwona kila mahali," akasema. "Hata ukumbini. Kwa hiyo mimi siyo mtu wa kuulizwa. Sitakusemea, Uzi. Lakini ukienda, nitakwenda na wewe."

Jumamosi na Jumapili Uzi hakumwambia mtu. Alifua sare yake, akapiga deki, akaenda bombani mara tatu ingawa maji hayakuhitajika. Kila alipoiwaza jezi ukutani alifurahi, na kila alipofurahi jambo moja lilimjia. Kama mama alikuwa uwanjani Jumamosi zile sita akifunga pointi sitini na nne, basi ni nani aliyekuwa kitandani akimsuka nywele? Ukutani wangeandika mia nne na kumi na mbili, na kila mwaka namba ile ingekuwa ikisema kwamba mama hakuwa naye. Na hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwapo kuona kwamba alikuwa naye.

Jumatatu mchana ukumbi wa chakula ulijaa washonaji wenye vipande vya uzi mabegani. Mwalimu wa hesabu alikuwa mlangoni na karatasi yake. Kando yake alisimama Vifungo, mikono ndani ya mifuko ya aproni, na Kikokotoo, amechana nywele. Uzi alikuja na baba yake, aliyeomba ruhusa ya saa moja karakanani na bado alinuka moshi.

"Mwalimu, usisome," Uzi akasema. "Hesabu ina kosa."

"Haina," Kikokotoo akasema. "Nimejumlisha mara mbili, na Mwalimu amepitia."

"Umejumlisha sawa. Ila mechi sita za mwisho, namba kumi na moja hakuwa mama yangu. Mama alikuwa kitandani. Alikuwa na mimi." Akamgeukia Vifungo. "Alikuwa shangazi."

Kikokotoo akamtazama shangazi yake. "Ndiyo maana sifuri," akasema taratibu. "Nilidhani uliumia. Nilikuuliza kabisa, ukaendelea kumenya viazi."

Vifungo alimtazama Uzi. "Kwa nini usingenyamaza tu, mwanangu? Mimi nilinyamaza. Nilitaka atundikwe yeye. Zile pointi nilikuwa nimeshampa moyoni."

"Najua, shangazi. Lakini Jumamosi zile ni zangu," Uzi akasema, na machozi yakamtoka bila sauti. "Zikiwa za uwanjani, mimi nabaki sina."

Vifungo akatoa mikono kwenye aproni, akamvuta, akamkumbatia pale mlangoni. Baba akageuka upande wa ukuta. Kutoka ndani mtu akauliza kama wanasubiri kula au wanasubiri maombi, na mwingine akamwambia anyamaze.

Mwalimu alikunja karatasi yake, akatoa kalamu, akaandika upya kwa kuegemea mlango. Kisha akaingia na kusoma: namba nane, pointi mia nne thelathini na tano, namba kumi na moja, mia tatu arobaini na nane. Akaeleza kwa nini zimebadilika, na nani aliyezibadilisha. Watu hawakupiga makofi mara moja. Walikuwa wakimtazama Uzi. Halafu mzee wa stoo, aliyekaa mbele, akavua miwani yake na kuifuta, akasema, "Kosa ni langu. Niliandika migongo ya watu." Hapo ndipo makofi yalipoanza.

Baadaye, ukumbi ulipopungua watu, mwalimu aliwakalisha Uzi na Kikokotoo kwenye benchi.

"Wewe, Uzi, uliamini macho yako," alisema. "Yakakuficha mitupo hamsini na mmoja, kwa sababu tunaowapenda huwa hatuwaoni wakikosa. Na wewe, bwana mdogo, uliamini karatasi. Ikakuficha mtu mzima, shangazi yako mwenyewe, unayekula naye kila siku. Ukitaka kujua ukubwa wa mtu, vitafute vyote viwili, kilichoandikwa na walioona, na uulize kila kimoja kimeacha nini. Lakini hata hayo hayatoshi kama anayejua ukweli hataki kuusema pale unapomuuma. Leo mmoja wenu amesema. Mia tatu arobaini na nane ni za mama yako, Uzi, zote, hakuna hata moja ya kuazima. Mtu yeyote akiuliza, unaweza kuzitaja bila kutazama chini."

Kikokotoo aliinama akafunga kamba ya kiatu kilichokuwa kimefungwa tayari. "Nisimulie mechi moja," akamwambia Uzi bila kuinuka. "Yoyote aliyocheza. Nina namba zake, lakini sijui alivyokuwa anakimbia."

Uzi akafikiri aanzie wapi. Akaanza na ile ambayo mama yake alikosa.

Jezi namba nane iko ukumbini, juu ya meza za chakula. Karatasi za mechi sasa zina safu ya jina kabla ya safu ya namba, na Jumamosi saa kumi kasorobo Uzi hukaa kando ya mzee wa stoo na kuijaza, kwa kuwatazama wachezaji usoni mmoja mmoja wanapoingia.